Kilichoingia Hekaluni: Maisha ya Nan Khammun wa Don Ngiu

Baba Mtawa Suthat, mkuu wa hekalu letu, watawa wote mlioketi jukwaani, mwenyekiti wa kijiji Bwana Prasong, ndugu wa upande wa mume na wa upande wa mke, majirani, na nyinyi wageni wa mjini mliojibanza kule nyuma kwenye feni, nawasalimu kwa mikono miwili. Mimi ni Buakhiao, muuza nyama ya kuchachushwa wa soko la asubuhi, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, na nimesimama hapa si kwa sababu nina sauti nzuri, sauti yangu mnaijua, ni ya kuitia wateja, bali kwa sababu Thawin, mwana wa marehemu, alijaribu kuisoma karatasi hii jana nyumbani na hakufika mstari wa tatu, akanisukumia mkononi akisema, "Dada, soma wewe, wewe huna haya." Basi nasoma, na pale ambapo karatasi imesema kidogo nitaongeza, na Baba Mtawa atanivumilia kama alivyozoea.

Marehemu Nan Khammun Chaiwongsa alizaliwa Jumamosi, tarehe 12 Mei 1945, mwaka wa Jogoo, hapahapa Don Ngiu, mkoani Phrae, katika nyumba ya nguzo za msaji iliyokuwa nyuma ya kisima cha hekalu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Paeng, mkata magogo, na Bi Kaeomun, mfumaji, na wazee wetu husema mtoto wa Jumamosi huzaliwa na kichwa kigumu, nami niliyekuwa mpwa wake tangu nizaliwe naapa kwamba hawakukosea. Kati ya watano hao yeye ndiye aliyekuwa amebaki, kwa hiyo leo tumemaliza kizazi kizima cha nyumba hiyo.

Alisoma darasa la kwanza hadi la nne katika shule ya hekalu, kuanzia mwaka 1952 hadi 1956, na kwa kuwa nyumbani chakula kilikuwa cha kubahatisha, tarehe 10 Aprili 1957 alinyolewa nywele akawa mtawa mwanafunzi chini ya hayati Baba Mtawa Kaeo, ambaye alimfundisha kusoma herufi zetu za kale za kaskazini, zile zilizomo katika vitabu vya majani ya mvumo, herufi ambazo shule ya serikali haikuzitaka na ambazo wengi wetu humu tunazitazama kama kuku anavyotazama mtego. Tarehe 4 Julai 1965 alipokea utawa kamili, akakaa katika vazi hilo hadi Machi 1969, baba yake alipoangukiwa na gogo msituni, akalivua vazi kwa heshima zote ili amtunze mama yake, na ndiyo maana tangu siku hiyo tulimwita Nan, kama tunavyomwita kila mwanamume aliyekuwa mtawa akarudi nyumbani. Mwenyewe alizoea kusema kwamba amelivua vazi lakini vazi halijamvua yeye, na mke wake alikuwa akimjibu, "Ndiyo maana hata kuku wa sikukuu lazima nichinje mimi."

Kikazi, marehemu aliajiriwa mwaka huohuo wa 1969 katika mabanda ya kukaushia tumbaku ya ng'ambo ya mto Yom, akiwa mtunza moto, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili hadi mabanda yalipofungwa, na wenzake wa mabandani, ambao wawili kati yao nawaona pale wakiwa wameegemeana, wanaweza kushuhudia kwamba Nan alikuwa akiweka kiganja ukutani tu na kujua kama majani yameiva au yanaungua.

Tarehe 9 Februari 1972 alifunga ndoa na Bi Chanfong, binti wa kijiji cha juu, ambaye alimkataa mara mbili kabla ya kumkubali, na mara ya pili alimwambia mbele ya wazazi wake, "Wewe umelishwa na watu miaka kumi na miwili, mimi utanilisha nini, sala?" naye Nan akajibu kwa upole kwamba kupasua kuni anajua, na mengine atajifunza. Alijifunza, Shangazi Chanfong anatikisa kichwa pale kukubali, ingawa si kwa nguvu. Walijaliwa watoto wawili, Thawin, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1973, na Orathai, aliyezaliwa tarehe 18 Agosti 1976, pamoja na wajukuu watatu.

Sasa nafika kwenye kazi iliyomfanya marehemu ajulikane hadi mjini, nayo ni makumbusho ya hekalu, ambayo alianzisha tarehe 13 Aprili 1978, siku ya mwaka mpya, kwa ruhusa ya Baba Mtawa Kaeo, katika ghala kuukuu la mpunga lililo upande wa mashariki wa ukumbi wa sala. Wakati huo wachuuzi wa vitu vya kale walikuwa wakiingia vijijini na malori madogo yaliyojaa mabeseni ya plastiki, wakisimama chini ya nyumba za wajane na kuita, "Bibi, beseni jipya, jekundu, halivunjiki, nipe hicho kidude chako chenye kutu," na wajane wetu, Buddha awarehemu, walishuka ngazi na visanduku vya tambuu, mikungu ya shaba, zile sinia zenye mguu, vitambaa vya kufungia vitabu vitakatifu walivyofumiwa na mama zao, na mara nyingine na sanamu zenyewe za Buddha za mababu, wakapanda tena na beseni. Nan alikuwa akitoka zamu ya mabandani akiwa hajalala, anakwenda nyumba kwa nyumba kuwasihi, "Kama unaogopa kukaa nayo ndani, usimpe huyu mwizi mwenye tabasamu, ilete hekaluni, utapata thawabu na utaiona kila siku ya sala."

Nao walileta, maana ni kweli sisi huogopa kukaa na sanamu ya mtu aliyekufa, tunasema ni nzito kwa nyumba. Na hapa lazima nisimame kidogo, kwa ajili ya hawa vijana wanaochezea simu. Sisi hatuna makaburi, tunachoma, tunamwaga majivu mtoni, na mto hauna kumbukumbu. Zamani, mtu akifa, aliyempenda aliagiza sanamu ndogo ya Buddha, ya mbao kwa wengi na ya shaba kwa mwenye uwezo, na nyuma ya kitako chake paliandikwa kwa herufi za kale kwamba mimi fulani nimeitoa hii kwa ajili ya fulani, thawabu imfikie popote alipo. Basi ghala lile, ambalo wageni walilipiga picha kwa sababu ya uzuri wa vitu, kwetu sisi lilikuwa ndio makaburi ya Don Ngiu, na kila siku ya sala wazee walifika kwa Nan, wakamwonyesha kwa kidole kilichokunjamana, naye akaigeuza sanamu kwa mikono miwili na kuwasomea majina ya watu wao.

Miongoni mwa wazee hao alikuwamo Bibi Huan, ambaye mnamwona amekaa kiti cha mbele kwa kuwa miguu haimchukui tena, mwenye umri wa miaka tisini na miwili. Mwaka 1963 mwanawe wa pekee, mwenye umri wa miaka tisa, aliugua homa iliyokataa dawa zote, na kama ilivyo desturi yetu, Baba Mtawa Kaeo alimbadilishia mtoto jina ili ugonjwa ukija kumwita kwa jina la zamani usimpate, jina la zamani likatupwa na kukatazwa kutajwa, na siku ya nne akiwa na jina jipya mtoto akafa. Mume wa Bibi Huan akauza nyati, akaagiza sanamu ya shaba ndogo kama kiganja, na nyuma yake pakaandikwa lile jina jipya, kwa sababu thawabu ikitumwa kwa jina lililotupwa itamfikia nani? Bibi Huan hasomi, mumewe alikufa zamani, na jina alilomwitia mwanawe siku nne tu halikushika kichwani kama lile la miaka tisa, kwa hiyo miaka yote hiyo kila siku ya sala alifika ghalani, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Nan, nisomee mwanangu," akasomewa, akalirudia kwa midomo akienda nalo hadi mbele ya mtawa anayepokea sadaka, ili thawabu iende ilikotakiwa kwenda.

Sheria ya makumbusho ilikuwa moja, na aliiweka marehemu mwenyewe, kilichoingia hekaluni hakitoki. Hakuitunga kutoka hewani, kwani hata sisi kila mwaka mpya tunabeba mchanga kurudisha hekaluni kufidia ule ulioondoka na nyayo zetu, lakini Nan aliishika kuliko watawa, na kwa sheria hiyo aliwafukuza wachuuzi, alimfukuza tajiri mmoja wa wilayani aliyetaka kuazima sanamu aifungulie nyumba mpya, akimwambia, "Azima ya mwenye gari kubwa huwa haina siku ya kurudi," na mwaka 1989 alimfukuza hata mama yangu mzazi, dada yake wa tumbo moja, aliyetaka kuchukua mkungu wa bibi yetu autumie siku moja tu kwenye harusi yangu mimi. Nilisherehekea harusi na sinia la bati, na sikumsemesha Mjomba hadi mimba yangu ya kwanza. Na mwaka 1994 walipofika maafisa wa turathi wakitaka kuviorodhesha vitu vyote serikalini, aliwapa maji, akawapa machungwa, akawapa na njia ya kurudi, akiamini kwamba chenye namba ya serikali siku moja hupelekwa mji mkuu, na hakuna aliyembishia, sote tulimpigia makofi.

Yeye hakuwahi kuyanakili majina pembeni, na watu wa mjini wananiuliza kwa nini, nami nawajibu kwamba yalikuwa yamechongwa kwenye shaba, ndani ya hekalu, nyuma ya kufuli, na ufunguo shingoni mwake, mtu mwenye akili timamu angeogopa nini tena?

Baba Mtawa Kaeo alifariki mwaka 2009, na tarehe 1 Julai 2013 tulimpata Baba Mtawa Suthat, mtoto wetu wenyewe, ambaye nilimuuzia nyama chachu akiwa mwanafunzi na ambaye, nasema mbele yake, hana doa la tamaa katika vazi lake. Mwaka 2015 kijiji kikaamua kuyeyusha shaba na kusubu sanamu kubwa ya Buddha ya kuwekwa kwenye kilima cha barabarani, watu wakaanza kutoa shaba za nyumbani, vikuku, kengele za ng'ombe, makufuli, na bado mfua shaba akasema haitoshi. Katika mkutano wa tarehe 17 Januari 2016, uliofanyika ukumbini hapa, mwenyekiti Prasong alisimama na kusema yale aliyoyaona kuwa mazuri, "Ndugu zangu, ghalani tuna sanamu ndogo za shaba zaidi ya mia mbili, zimevunjika vidole, zimekaa gizani, nani anazisujudia? Tuziunganishe ziwe mwili mmoja mkubwa, mababu zetu wote wakae ndani ya kifua cha Buddha, thawabu yao isukwe kamba moja." Watu wakalia kwa furaha. Nami nililia, msidhani nilikuwa nimekaa nje.

Marehemu alinyanyuka akasema, "Majina je?" Akasema hivyo tu, mara mbili, maana hakuwa msemaji. Mtu mmoja nyuma akarusha neno, simtaji, anajijua na leo amebeba maua, "Nan, miaka yote hekaluni hujajifunza kuachilia? Buddha kafundisha nini, kushikilia?" Ukumbi ukacheka. Baba Mtawa hakucheka, aliongea naye taratibu, "Mjomba Nan, kila kilichoundwa huvunjika, hata majina, wewe ndiye uliyenifundisha mstari huo nikiwa mdogo," na Nan akainama, akakaa, kwa kuwa ni kweli alikuwa amemfundisha, na mtu aliyekuwa mtawa hawezi kuyapinga mafundisho kwa sababu tu yamemgeukia yeye. Nilimtazama masikio yake, yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyechapwa.

Siku iliyofuata Bibi Huan alisukumwa kwenye kigari cha mboga hadi ghalani, nami ndiye niliyemsukuma, ndiyo maana najua kilichosemwa. Alisema, "Nan, mimi sielewi mambo ya kifua cha Buddha, nipe mwanangu nirudi naye nyumbani, nzito kwa nyumba iwe nzito, mimi nimebakiza nini cha kuogopa?" Nan alikuwa na ile sanamu mkononi tayari, alikuwa akiifuta vumbi. Mimi nikamwambia, "Mjomba, mtie kwenye kikapu chake, nitaweka kabichi juu, nani ataona?" Naye akasema kwamba amewanyima matajiri, amemnyima dada yake, kwamba anayetoa cha hekalu ni mwizi wa hekalu na mwizi wa hekalu hana kuzaliwa upya kwema, kwamba siku akiitoa hii moja basi zote zilizokaa pale miaka thelathini na minane zilikaa kwa ubabe wake na si kwa haki. "Haitoki, Mama Huan," alisema, "nisamehe, haitoki." Bibi Huan alimtazama, akasema, "Si unaona wao wanazitoa?" Na Nan akamjibu jibu lililo sahihi kabisa, ambalo sijalisamehe mpaka leo, "Hawazitoi, wanaziyeyushia humuhumu uani."

Ndiyo hivyo. Sheria aliyoijenga kuwazuia wezi ikamzuia yeye na yule mama, na haikumzuia mwingine hata mmoja, maana hapakuwa na mwizi, palikuwa na watu wema wanaotafuta thawabu.

Tarehe 22 Februari 2016, siku ya mwezi mpevu wa Makha, sikukuu yetu ya Buddha, uzi mweupe wa baraka ulivutwa kutoka kwenye sanamu ya ukumbini hadi kwenye tanuru, watawa tisa wakasoma, na kwa kuwa marehemu alikuwa kiongozi wa sala za waumini tangu mwaka 1974, yeye ndiye aliyepiga magoti mbele na kututamkisha maneno ya kutoa, sauti yake haikukatika, na baadaye alipoona vijana wanaupuliza moto ovyo akaenda mwenyewe kuurekebisha, kwa kuwa hakuvumilia moto uliotunzwa vibaya. Wakaziweka sanamu za shaba chunguni moja moja. Zile za mbao zilibaki, wanawake wa kijiji tukazipaka rangi ya dhahabu ya dukani, mbele na nyuma, ziwe nzuri kwa sherehe, nami nilishika brashi. Kuna picha nyingi za siku ile na hata za ghala la zamani, tumezitafuta zote, zote ni za nyuso, nani anampiga Buddha picha mgongoni?

Sanamu kubwa ipo kilimani, mmeiona mlipokuwa mnakuja, ni nzuri, sitasema si nzuri. Marehemu aliisujudia kila mwaka mpya. Kwa miaka mitano iliyofuata aliendelea kufungua ghala kila asubuhi, akafagia, akakaa mlangoni, na wazee wachache waliobaki wakafika siku za sala, naye akawatajia majina ya watu wao kwa kichwa, kwa kuwa alikuwa ameyasoma mara nyingi kiasi hicho. Bibi Huan hakumsemesha mwaka mzima. Kisha siku moja akafika na kigoda chake, akakaa, akasema, "Haya, nisomee mwanangu," kana kwamba sanamu ipo, na Nan akanyanyua mikono miwili mitupu na kumtajia. Nilimuuliza Mjomba wakati mmoja kwa nini asiyaandike sasa, akasema ameanza mara nyingi, lakini akiyaandika kwenye karatasi anaona kama anakubali. Na mimi, mwenye mdomo mrefu wa kuuliza kila kitu sokoni, sikumwambia, basi nitajie mimi.

Kuhusu maradhi, tarehe 17 Oktoba 2021, siku ya Jumapili, marehemu alianguka akifagia ghala, akakimbizwa hospitali ya mkoa, ikaonekana mshipa umepasuka upande wa kushoto wa kichwa, akalazwa wiki tatu, akarudi nyumbani akiwa amepooza mkono na mguu wa kulia, na amepoteza usemi. Madaktari walitueleza kwamba akili ipo, anasikia, anaelewa, njia ya kutokea maneno ndiyo imekatika. Orathai aliacha kazi yake Chiang Mai akaja kumuuguza, akajaribu kumfundisha kuandika kwa mkono wa kushoto, lakini herufi hazikutoka, zilitoka nyuzi tu kama za buibui.

Bibi Huan alimtembelea nyumbani siku ya kwanza ya sala baada ya kutoka hospitalini. Sisi tulidhani amekuja kumpa pole. Alikaa karibu na godoro, akafungua kibwebwe, akampa tonge la wali wa kunata aliloliviringa mwenyewe, akasubiri ameze, kisha akasema, "Nan, nisomee mwanangu, limenitoka." Mjomba akafungua mdomo. Shangazi Chanfong alikuwepo, Orathai alikuwepo, mimi nilikuwepo, na kila mmoja wetu aliona kwamba analijua, lilikuwa limejaa machoni mwake, mishipa ya shingo ikasimama, ikatoka sauti moja kama ya mlango, ikakatika. Akajaribu tena. Bibi Huan akasema, "Taratibu, taratibu, baba, sina haraka," akamfuta mate. Alirudi siku ya sala iliyofuata, na iliyofuata, miaka miwili, hakukosa ila mvua kubwa, na kila mara Mjomba alijaribu hadi jasho likamtoka, na kila mara Orathai akatoka nje asije akalia mbele yao. Tulimtafutia majina, tukamsomea moja moja tukimwambia akubali kwa kufumba jicho, Suk, Ming, Inthi, Wan, Phan, yote aliyowahi kupewa mtoto katika bonde hili, hakufumba. Baba Mtawa Suthat alikuja mwenyewe, akakaa sakafuni chini ya godoro la mtu asiye mtawa, jambo ambalo sijawahi kuliona, akamwomba radhi, na Mjomba akampapasa kichwa kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo pia halifanyiki, na hakuna aliyewakemea.

Marehemu alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2023, alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, mke wake na binti yake wakiwa wamemshika. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, mpwa mmoja mwenye kelele, na ghala lenye vumbi la dhahabu ya dukani.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa, ambao hawakutudanganya hata siku moja, nawashukuru wahudumu wa afya wa kijiji waliokuja kumgeuza na kumkanda, majirani waliokesha na mwili na wanawake waliopika mchuzi wa fenesi kwa siku tatu mfululizo bila kugombana, wenzake wa mabanda ya tumbaku waliochagua wenyewe kuni za leo kwa sababu walisema Nan asingekubali kuni mbichi, mwenyekiti Prasong aliyegharimia jeneza na ambaye tangu mwaka ule hajawahi kupita ghalani, na Baba Mtawa pamoja na watawa wote. Familia haimlaumu mtu. Mimi namlaumu kila mtu, nikianza na mwenyewe, lakini hiyo ni ya kwangu na haimo kwenye karatasi.

Karatasi imeishia hapo. Kabla hamjanyanyuka kuweka maua ya sandali kwenye jeneza, nina agizo moja la kutimiza. Asubuhi Bibi Huan alinishika mkono pale mlangoni, akasema kwamba yeye sauti yake haifiki kwenye jeneza, mimi yangu inafika hadi soko la pili, na kwamba wafu husikia mpaka moto uwashwe, na huenda huko alikofika ulimi umeshafunguka. Basi Mjomba, mimi Buakhiao nakuuliza kwa niaba yake, yuko hapa mbele yako, amejikongoja hadi hapa, anasubiri: mwanawe alikuwa anaitwa nani?

Tumesikiliza.

Haya, Mjomba. Nenda ukapumzike, amani iwe nawe.